Simu ya wifi, WhatsApp au laini ya kawaida: upige na ipi nyumbani ukiwa kwenye treni ya chini ya ardhi

Mtwara hatuna treni ya chini ya ardhi. Hata ya juu hatuna, ile reli ya mradi wa karanga iliyokuwa inakwenda Nachingwea ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na vijana wa leo wengi hawajui hata ilipita wapi. Sasa fundi simu wa Mtwara treni za chini zinanihusu nini? Zinanihusu kwa sababu mdogo wangu yuko London tangu mwishoni mwa 2018, anafanya kazi ya kutunza wazee, zamu zake ndefu, na muda anaopata wa kuongea na nyumbani ni ule anaokaa kwenye treni akirudi kulala. Kwao saa kumi na moja jioni, kwetu kipindi cha baridi yao inakuwa saa mbili usiku, mama kule Newala ameshaswali isha ameshakula yuko kwenye mkeka anasubiri simu ya mwanae. Simu inaita, mama anapokea, wanasalimiana, wanaulizana habari za huko, treni inazama shimoni, kimya.

Tulikaa na hali hiyo karibu mwaka mzima mpaka nikaamua nikae nayo chini kifundi, tukawa tunajaribu mimi na yeye njia moja moja. Na kibandani kwangu kila mwaka wanakuja watu wanaosafiri, wengine masomo, wengine kazi za gesi, wengine wanamfuata mwenza, wanataka niwawekee simu sawa kabla ya safari na swali lao ni hilihili, hii simu ya wifi niwashe au WhatsApp inatosha? Jibu langu fupi ni kwamba kwa kupiga nyumbani WhatsApp inashinda, kwa shughuli za kule kule ugenini simu ya wifi inashinda, na kuna treni zingine wifi yenyewe uizime kabisa. Ila sababu zake ndo za muhimu maana ukizijua hata ukienda mji mwingine utajichagulia mwenyewe.

Kwanza kwa nini inakata

Mtu wa Newala hili halimsumbui kulielewa. Simama pale juu Shimo la Mungu simu ina vijiti vyote, anza kuteremka kule bondeni, uone vijiti vinavyopungua. Udongo na mwamba vinameza mawimbi ya simu. Sasa London njia zenyewe za treni zile za kina kirefu ni kama mabomba, upana wake mita tatu na nusu hivi, treni imejaa humo karibu kugusa kuta, na kituo cha Hampstead kimeenda chini mita 58 na kitu. Mnara wa juu mtaani hauna namna ya kukufikia pale.

Kwa hiyo wenyewe wana njia mbili za kuleta mtandao chini. Ya kwanza wanafunga wifi vituoni. London walianza Juni 2012, Virgin Media ndo waliofunga, wakati wanajiandaa na Olimpiki. Lakini ile wifi ni ya kituoni tu, pale unaposubiria treni, kwenye ngazi na kwenye korido, treni ikiingia kwenye bomba imeisha. Njia ya pili wanatandaza waya maalumu ndani ya bomba lenyewe kuanzia mwanzo hadi mwisho, waya una matundu matundu yanayovujisha mawimbi njiani kote, humo unapata 4G kama uko mtaani. Hiyo London walianza nayo Machi 2020 kwenye njia ya Jubilee kati ya Westminster na Canning Town, halafu Desemba 2022 wakaongeza vipande vya Central na Northern, na wanaendelea kuongeza kipande kwa kipande.

Sasa shika hapo. Kuna treni ya wifi ya vituoni tu na kuna treni yenye 4G ndani ya shimo. Hizo ni hali mbili tofauti kabisa na njia nzuri ya kupiga inabadilika kutokana na uko kwenye ipi.

Simu ya wifi ni kitu gani

Wengi wanadhani ukipiga WhatsApp ukiwa kwenye wifi basi ndo simu ya wifi. Hapana. Simu ya wifi, ile kwenye setingi wameandika Wi-Fi Calling na mafundi wanaiita VoWiFi, ni laini yako yenyewe. Unapiga kwa kibodi ya kawaida ya simu, namba yako ya kawaida ndo inatokea kwa unayempigia, tofauti tu badala ya simu kwenda mnarani inapita kwenye wifi iliyo karibu inaenda kwenye intaneti mpaka mlangoni kwa kampuni yako ya simu, hapo mlangoni laini inajitambulisha kwa kadi yake, halafu kutoka hapo inaendelea kama simu zingine. Hakuna programu ya kupakua. Hata meseji za kawaida zinapita humo, zile namba za siri za benki za kuthibitisha malipo zinakufikia ukiwa chini ya ardhi, na hicho mdogo wangu anakithamini kuliko hata kupiga.

Uingereza kampuni ya simu ya EE walianza nayo Aprili 2015, Vodafone wakafuata mwaka huohuo. Na mwaka huohuo 2015 ndo WhatsApp nao walifungulia watu simu za sauti. Vimekuja pamoja lakini vimetoka milango miwili, moja ni ya kampuni ya laini na inakuhesabia kama laini, nyingine ni ya intaneti haijui laini yako ina salio au haina.

Ukitaka kujua kama simu ya wifi imekubali, angalia juu ya kioo, jina la mtandao linaongezewa neno wifi au inatokea alama ya simu yenye vimawimbi. Kama hakuna mabadiliko weka simu kwenye hali ya ndege kisha washa wifi peke yake, jaribu kupiga. Ikipiga, ipo. Isipopiga, hiyo laini kwenye hiyo simu haina.

Tulivyojaribu

2019 mdogo wangu alikuwa anapanda Central pale Holborn anashuka Leytonstone. Wakati huo kwenye shimo hakuna 4G, wifi ya vituoni tu. Tukapanga siku, mimi niko hapa kibandani na daftari, yeye kwenye treni.

Siku ya kwanza simu ya wifi. Akapiga akiwa Holborn kwenye benchi, sauti safi kabisa nasikia mpaka tangazo la kituoni. Treni ikaja, akaingia, nikasikia milango inafunga. Nikaanza kuhesabu. Sikufika kumi na tano. Hakuna mlio wala onyo, yaani yeye anaendelea kuongea na mimi naongea, kila mtu anadhani mwenzie ananyamaza, mpaka simu yenyewe ikakata. Chancery Lane akapiga tena, ikaita, kabla sijasalimia treni imeondoka. Mpaka anafika Stratford treni inapotoka juu nilikuwa nimeandika simu saba zilizokatika.

Siku ya pili WhatsApp, treni ileile saa ileile. Hii haikukata haraka. Treni ikiingia shimoni inaandika inaunganisha tena, inang'ang'ania, ikifika kituo kinachofuata wifi inashika sauti inarudi. Kati ya vituo vya karibu karibu kama Chancery Lane na St Paul's tuliendelea na simu ileile bila kupiga upya. Shida ni Mile End kwenda Stratford, pale pana umbali mrefu, ikachoka ikakata. Kwa hiyo kwa treni ya wifi ya vituoni tu WhatsApp ni mvumilivu kuliko laini. Lakini kusema ukweli mazungumzo yenyewe hayakuwa mazungumzo, ni vipande vipande, sekunde ishirini za maneno, dakika nzima ya kimya, na mtu mzima kama mama huwezi kumfanyia hivyo, ataishia kuhisi mwanae ana tatizo anamficha.

Siku ya tatu tukafanya kilichokuja kuwa dawa kwa treni za namna hiyo. Voisi. Anarekodi akiwa ndani ya shimo hana mtandao wowote, anaongea dakika mbili tatu kwa utulivu, anatuma, inakaa na kile kialama cha saa, treni ikifika kituo inatoka yenyewe. Mimi nasikiliza najibu, jibu linaingia kituo cha mbele. Kama uko kwenye treni isiyo na 4G shimoni usihangaike na kupiga, tumia voisi, mengine mtapigiana ukitoka juu.

Baadae akabadilisha kazi, sasa anapanda Jubilee pale Waterloo kwenda Stratford. Hapo ndo tofauti. Njia nzima ina 4G, Southwark, London Bridge, Bermondsey, Canada Water, Canary Wharf, North Greenwich, mpaka Canning Town treni inatoka juu. Wiki ya kwanza tukashangaa WhatsApp bado inasuasua kila kituo. Ilinichukua siku mbili kugundua. Wifi ilikuwa imewashwa. Simu ikifika kituoni inaona wifi inaikimbilia, treni ikiondoka wifi inapotea inarudi 4G, kituo kingine tena vilevile, kila kuhama ni sekunde kadhaa za kukatakata. Nikamwambia zima wifi kabisa ukiwa Jubilee. Akazima. Tangu siku hiyo Waterloo mpaka Stratford mama anaongea na mwanae kama yuko chumba cha pili.

Kwa hiyo hapa ulinganisho uko hivi: treni ya wifi ya vituoni washa wifi, treni ya 4G shimoni zima wifi. Watu wengi wanaacha imewashwa siku zote wakidhani ndo salama zaidi, halafu wanalaumu mtandao.

Simu uliyobeba kutoka huku

Hili naliongea kwa uchungu maana limewakuta watu niliowauzia simu mwenyewe. Kijana mmoja wa Lindi alinunua simu nzuri tu, 4G, betri kubwa, akaenda nayo Uingereza, akaweka laini ya kule. Intaneti safi. Kupiga kawaida akiwa kwenye treni, hakuna. Setingi ya simu ya wifi anaitafuta haioni kabisa, imefichwa. Akanipigia kaka hii simu umeniuzia mbovu. Simu haikuwa mbovu. Iko hivi, kupiga simu ya kawaida juu ya 4G kunaitwa VoLTE, na VoLTE pamoja na simu ya wifi vinahitaji simu na kampuni ya laini vijuane, kampuni inaweka orodha ya simu inazozikubali. Simu nyingi tunazonunua huku kwetu zimetengenezwa kwa mitandao ya Afrika, kampuni ya kule haiko kwenye hesabu zake. Ukiwa mtaani huoni shida kwa sababu simu inashuka kwenye mtandao wa zamani inapiga. Lakini Uingereza wameshazima 3G, Vodafone walimaliza mwanzoni mwa 2024, EE mwaka huohuo, na kule shimoni waliotandaza waya wameweka mitandao mipya tu. Kwa hiyo unakuwa na 4G imejaa vijiti vyote halafu ukipiga namba inakataa.

Hapo WhatsApp inakuokoa kwa sababu yenyewe haijali VoLTE, inataka data tu. Ndo maana nasema kwa mtu anayetoka Mtwara au Lindi na simu yake ya huku, WhatsApp iwe mguu wa kwanza. Kama unataka simu ya wifi ya uhakika, ama nunua simu kule kule kwenye duka la kampuni ya laini yako, ama kabla ya kununua huku angalia kama aina hiyo ya simu imo kwenye orodha ya kampuni utakayotumia, orodha wanaiweka kwenye tovuti zao. Dakika tano za kuangalia zinakuepusha miezi ya usumbufu.

Na laini yako ya Tanzania? Nenda kwenye duka la mtandao wako kabla ya safari uliza maswali mawili, laini yangu ina VoWiFi, na inaruhusiwa nikiwa nje ya nchi. Kuna mitandao duniani inakubali simu ya wifi ukiwa nyumbani tu, ukivuka mpaka inafunga. Ikiruhusiwa ni raha, unapiga Mtwara kwa laini ya Mtwara. Uliza pia wanakata kwa bei ipi, usikubali jibu la itakuwa sawa tu.

Hela

Hapa ndo watu wanaumia. Simu ya wifi siyo bure. Neno wifi linawadanganya. Mdogo wangu mwanzoni aliwasha akampigia mama dakika nyingi tu, mambo ya shamba, mambo ya harusi ya shangazi, akiamini anaongea kwa wifi ya kituo na wifi hailipiwi. Pauni kumi na mbili zikaondoka kwenye laini yake jioni moja. Akawapigia kampuni yake, wakamjibu simu ya kimataifa ni ya kimataifa hata ukipitia wifi. Na ndivyo ilivyo, wifi ni barabara tu, nauli unalipa ileile. Ukipiga namba za Uingereza inakula dakika za kifurushi chako cha kawaida, ukipiga 255 inakula bei ya kimataifa. Alilia siku ile maana ilikuwa hela yake ya nauli.

WhatsApp ukiongea sauti tu, siyo video, inakula kama nusu MB kwa dakika, saa nzima ni MB 30 hivi. Kwenye bando la kule huoni kitu. Lakini usisahau upande wa pili, na huku anayepokea naye inamkata bando. Nimeona wazazi vijijini wanaogopa kupokea WhatsApp mwisho wa wiki bando likikaribia kuisha, hawasemi, wanaacha inaita tu, na mtoto kule anadhani amesuswa. Kama unamtumia mzazi hela ya matumizi ongeza na ya bando, na umwambie kabisa hii ni ya kuongea na mimi.

Sauti

Ukiweka pembeni kukatika, WhatsApp na simu ya wifi zote zina sauti pana. Simu za zamani zinapitisha sauti kati ya Hz 300 na 3400 tu, zile za kisasa zinafika Hz 7000. Kwa masikio ya kawaida tofauti iko kwenye herufi kama s na f. Mwaka juzi msimu wa kupuliza mikorosho mama alipiga anaomba hela ya mifuko miwili ya salfa, alipiga kwa laini ya kawaida, mdogo wangu akasikia misuko miwili, akawa anajiuliza mama ameanza lini kusuka kwa bei hiyo. Walielewana mwishoni ila ndo uone. Sasa angalizo, simu ya wifi inakuwa na sauti pana ukipiga ndani ya nchi na simu zote mbili ni za kisasa, ukipiga kimataifa kuja kwenye kitochi mara nyingi inashushwa inakuwa ileile ya zamani. WhatsApp inabaki na ubora wake mpaka huku, kama mtandao wa huku uko vizuri. Kwa hiyo London kwenda London, zinalingana. London kwenda Newala, WhatsApp.

Mama mwenye kitochi

Haya yote ya WhatsApp yanaanguka kama mzazi ana kitochi. Na wengi huku wana kitochi, kinakaa na chaji siku nne, kina tochi, hakiogopi vumbi. Mtu asikudharau kwa hilo wala usimlazimishe mzazi simu janja asiyoitaka.

Tulijaribu mambo matatu. Mdogo wangu kupiga kwa laini na kujiunga kifurushi cha kimataifa, inafanya kazi, na hapo simu ya wifi ina faida yake maana akiwa kituoni anaweza kupiga kitochi moja kwa moja, lakini kwenye shimo lisilo na 4G inakata kama nilivyosema. Mama kupiga yeye kwenda Uingereza, usimruhusu kabisa, vocha yake inaisha kwenye salamu. La tatu ndo tulilobaki nalo, mjukuu wa jirani ana simu janja, tumekubaliana jioni ya Jumanne na Ijumaa anakuja na simu kwa mama, bando nanunua mimi, na mama anakaa pale nje chini ya mkorosho ambapo mtandao unashika, ndani ya nyumba unayumba. Kwa hiyo upande mmoja kuna mtu amekaa ndani ya bomba la chuma chini ya mto Thames, upande wa pili mama amekaa chini ya mkorosho Newala anazungusha kiti kutafuta vijiti. Shida ya mtandao ilikuwa ya wote wawili, tulikuwa tunailaumu treni peke yake.

Na wa kule mpakani karibu na Ruvuma mnajua, simu inaweza kushika mnara wa Msumbiji bila kukuuliza. Wewe uliyeko London ukimpigia mzazi wa kule WhatsApp hakikisha amezima roaming kwenye simu yake.

Usiweke mayai yote kwenye WhatsApp

Mei 2024 kilipita kimbunga Hidaya, barabara ya Lindi kwenda Dar ikakatika pale Somanga, na kabla hatujatulia tarehe 12 nyaya za baharini zikakatika, intaneti ikawa kama imekufa. WhatsApp ya sauti haikuwezekana kabisa. Mdogo wangu anaona habari za mafuriko, hatupati. Alikuwa kituoni Waterloo, akaingia kwenye kibodi ya kawaida akapiga kwa laini, simu ya wifi ikashika wifi ya kule kwao ambayo ilikuwa nzima, kutoka kwa kampuni yake ikaja kama simu ya kawaida, nikapokea. Tuliongea dakika nne. Ilimkata hela na hakuna aliyejali. Tangu hapo namwambia kila anayesafiri, hata kama utatumia WhatsApp miaka yote, ile setingi ya simu ya wifi iache imewashwa na laini iwe na salio kidogo la kimataifa.

Vingine vya haraka

Ukiwa na VPN kwenye simu, zile programu zinazopitisha intaneti yako njia nyingine ya siri, zima kabla ya kupiga simu ya wifi, mara nyingi zinagombana. Betri inaisha haraka sana kwenye shimo lisilo na mtandao kwa sababu simu inatafuta minara muda wote, kama safari ni ndefu weka hali ya ndege. Ukipiga namba ya dharura kwa wifi anayepokea anaweza asione uko wapi, taja jina la kituo kwanza kabla ya kueleza lolote. Kuhusu watu kusikiliza mazungumzo kupitia wifi ya bure, simu ya wifi inasafiri imefungwa kwa siri mpaka kwa kampuni yako na WhatsApp imefungwa mpaka kwa mwenzio, hapo usiogope. Mwogope aliyekaa pembeni yako. London Waswahili ni wengi, usitaje namba ya siri wala kiasi cha hela kwa sauti ukidhani hakuna anayeelewa.

Miji mingine, New York kufikia Januari 2017 vituo vyote vya chini vilishakuwa na wifi na mtandao wa simu, lakini kwa sehemu kubwa ni vituoni, kwa hiyo huko fuata utaratibu wa treni za vituoni, voisi na uvumilivu. Paris walimaliza kuweka 4G kwenye metro yao 2020, huko zima wifi piga kama uko juu.

Na hata huku kwetu simu ya wifi ina kazi yake. Zile nyumba za mawe za Mikindani kuta zake nene mnazijua, ukiingia ndani simu inapotea kama uko kwenye treni. Mwenye wifi ndani na laini inayokubali VoWiFi angeongea bila kutoka barazani.

Anayesafiri hivi karibuni afanye haya kabla hajapanda gari. Angalia simu yako kama imo kwenye orodha ya kampuni ya kule. Mfundishe mzazi, au mjukuu wa jirani, kupokea WhatsApp ya sauti bila kuwasha video. Mkubaliane siku na saa kwa saa za huku, na mkumbuke kwao kiangazi saa zinasogea, tofauti inakuwa mbili badala ya tatu. Na siku ya kwanza ukipanda treni, kabla ya kumpigia mama, nipigie mimi kwanza au ndugu yako yeyote asiye na presha, zunguka njia yako yote uone inakatikia wapi, andika majina ya vituo. Mdogo wangu bado anayo ile karatasi kwenye pochi, Mile End ameipigia mstari mara mbili.